Mama kaandikiwa trastuzumab: inafanyaje kazi, na ya India ni feki?

SWALI: Mama yangu ana miaka 58 na kilo 60. Anatibiwa Dar es Salaam kwa saratani ya titi ambayo haijasambaa. Alifanyiwa upasuaji kwanza, akamaliza kemo nyekundu, na sasa daktari ameandika paclitaxel pamoja na trastuzumab, hii ya pili kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima. Ripoti inasema HER2 3+. Tumeambiwa trastuzumab ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Inafanyaje kazi, na kwa nini moyo unapimwa kila mara? Ya India ipo kwa bei nafuu, lakini shangazi anasema ni feki, tuuze kiwanja tununue ya Uswisi. Binamu yangu aliyeko Ujerumani anasema kuna mpya iliyobebeshwa sumu, tuombe hiyo. Halafu mwezi wa kumi na mbili kuna harusi Zanzibar. Mama akichelewa dozi itakuwaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole sana kwa kuuguza, na mfikishie mama salamu zangu. Mimi ni mfamasia, kazi yangu ni kuchanganya dawa za saratani, kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa chupa. Upande wa mwili wa mama anaujua daktari wake. Nianze na la kiwanja kwa kuwa ndilo la haraka: msiuze. Sababu nitazieleza, ila kwanza turudi kwenye ile 3+ uliyoiandika kana kwamba ni jambo dogo. Matibabu yote haya yamesimama juu yake.

Juu ya seli ya titi kuna protini inayoitwa HER2. Kazi yake ni kupokea ishara zinazoiambia seli ikue na kugawanyika. Seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni yake kwenye kromosomu ya 17, na zinatosha. Katika asilimia 15 hadi 20 ya saratani za titi, jeni hiyo imejirudufu ovyo, na seli moja inaweza kubeba vipokezi hadi milioni mbili. Seli ya namna hiyo inasikia amri ya kukua usiku na mchana. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake, akiwemo Axel Ullrich wa kampuni ya Genentech, walionyesha kwamba wanawake wenye hali hii ugonjwa uliwarudia mapema na waliishi muda mfupi zaidi. Swali likawa: kama kipokezi kimechomoza nje ya seli, kwa nini tusikikamate huko huko nje?

Kingamwili ndiyo hukamata vitu vya nje. Mwili wako unazitengeneza kila siku, kila moja na kitu chake: hii ya surua, ile ya pepopunda. Ina umbo la herufi Y. Mikono miwili ya juu hung'ang'ania shabaha, na mguu wa chini huwaita askari wa kinga waje kumaliza kazi. Mwaka 1975, mjini Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waligundua namna ya kupata kingamwili ya aina moja tu kwa wingi, kwa kuunganisha seli za kinga za panya na seli za saratani zisizochoka kugawanyika. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Tatizo ni kwamba kingamwili ya panya ikiingia kwa binadamu, mwili wetu unaiona ni adui na kuitengenezea kingamwili nyingine. Ukimpa mgonjwa mara moja au mbili, za mbele zinaishia njiani, na mzio juu yake.

Hapo ndipo uhandisi ulipoingia. Greg Winter, naye wa Cambridge, alionyesha mwaka 1986 kwamba unaweza kuchukua zile ncha tu zinazoshika shabaha kutoka kwenye kingamwili ya panya na kuzipandikiza kwenye kiunzi cha kingamwili ya binadamu. Genentech walikuwa na kingamwili ya panya iliyoshika HER2 vizuri, waliyoiita 4D5. Mwaka 1992 Paul Carter na wenzake wakachapisha toleo lake la kibinadamu. Hilo ndilo trastuzumab, na jina la kwanza la biashara ni Herceptin, ile ya kampuni ya Roche ya Uswisi anayoitaka shangazi. Marekani iliiruhusu Septemba 1998. Leo inazalishwa na seli za hamsta zilizopandikizwa jeni yake, zikifugwa kwenye matangi makubwa ya chuma, halafu inachujwa na kusafishwa hatua kwa hatua. Molekuli yake ni nzito karibu mara 800 ya aspirini. Ndiyo maana hakuna kidonge chake: ni protini, tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama.

Ikifika kwenye seli inafanya mambo mawili kwa pamoja. Inakaa juu ya kipokezi na kupunguza ile amri ya kukua, na mguu wake unaziita seli za kinga. Nywele haziondoki kwa ajili yake, wala haimshambulii kila anayegawanyika kama kemo ifanyavyo. Mama akiendelea kupukutika nywele au kufa ganzi vidole, mshukuni kwanza paclitaxel, ile kemo anayopewa pamoja nayo.

Na kama seli haina HER2 ya kutosha, trastuzumab yenyewe haina cha kushika. Mgonjwa atakuwa ameingiziwa dripu ya bei mbaya na kuhatarisha moyo bure. Kwa hiyo ninapoletewa karatasi ya dawa, cha kwanza ninachotafuta ni ripoti ya patholojia. Kinyama hukatwa vipande vyembamba na kupakwa rangi inayoonyesha HER2, kisha hupewa 0, 1+, 2+ au 3+. Sifuri na 1+ ni hasi kwa trastuzumab. 3+ ni chanya. 2+ ni njia panda, na lazima kifanyike kipimo kingine cha kuhesabu jeni yenyewe, kinachoitwa FISH. Nimeona familia inachangishana fedha kwa ripoti ya 2+ bila mtu kuwaambia kwamba jibu bado halijatoka. Kwa mama 3+ imemaliza ubishi, mradi kinyama kilihifadhiwa ipasavyo: kinatakiwa kiingie kwenye fomalini upesi baada ya kutolewa, na kikae humo saa 6 hadi 72. Kilichoachwa mezani mchana kutwa kinaweza kutoa jibu la uongo, upande wowote. Ombeni nakala ya ripoti, na ulizeni kile kipande cha nta chenye kinyama kimehifadhiwa wapi. Msikubali kitupwe, kitahitajika tena siku dawa nyingine ikija.

Faida yake ni kubwa, sitaki uidharau kwa sababu ya maneno yangu ya tahadhari. Majaribio mawili makubwa ya Amerika ya Kaskazini yaliwafuata kwa miaka kumi wanawake waliofanyiwa upasuaji kama mama. Waliopata kemo peke yake, asilimia 75.2 walikuwa hai. Waliopata kemo na trastuzumab, asilimia 84. Katika kila wanawake mia, karibu tisa zaidi walikuwa hai. Ni dawa chache sana za saratani ninazoshika zenye hesabu ya namna hiyo.

Sasa moyo. Seli za misuli ya moyo nazo zina HER2 kidogo, na zinaitumia kujirekebisha zinapoumia. Ukiifunga, moyo unakosa fundi wake. Ile kemo nyekundu, doxorubicin, huumiza misuli hiyo hiyo. Jaribio la mwanzo lililochapishwa mwaka 2001 lilizitoa zote mbili kwa wakati mmoja, na asilimia 27 ya wanawake wakapata hitilafu ya moyo, dhidi ya asilimia 8 waliopata kemo hiyo bila trastuzumab. Tangu hapo zinatenganishwa: nyekundu iishe kwanza, ndipo hii ianze, kama daktari wa mama alivyopanga. Eko ya moyo, yaani kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti, hufanywa kabla ya kuanza na kila miezi mitatu. Ikionyesha nguvu ya moyo kusukuma damu imeshuka, dawa husimamishwa, na tofauti na madhara ya ile nyekundu, mara nyingi moyo hurudi. Ninyi nyumbani angalieni miguu kuvimba, kukosa pumzi akilala chali, au kuchoka kwa kupanda ngazi alizozoea. Msisubiri eko ijayo.

La shangazi. Namwelewa, kwa sababu dawa feki zipo na watu wameumizwa nazo. Lakini amechanganya vitu viwili. Trastuzumab ya kampuni nyingine huitwa baiosimila: kampuni inafuga seli zake, inatengeneza protini ileile, halafu inalazimika kuthibitisha kwa vipimo na kwa wagonjwa kwamba inafanana na ya kwanza kwa nguvu na kwa madhara. Biocon ya Bangalore ilifanya hivyo pamoja na Mylan ya Marekani. Wanawake 458 waligawanywa, wengine wakapata ya Biocon na wengine Herceptin. Baada ya wiki 24 uvimbe ulikuwa umepungua vya kutosha kwa asilimia 69.6 ya kundi la kwanza na asilimia 64.0 ya kundi la pili, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Desemba 2017 Marekani yenyewe iliiruhusu, ikawa baiosimila ya kwanza ya trastuzumab katika soko lao. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likaidhinisha baiosimila yake ya kwanza ya trastuzumab, likieleza kwamba ya awali ilikuwa wastani wa dola 20,000 kwa mwaka na baiosimila kwa kawaida ni nafuu kwa asilimia 65.

Na feki? Kisa kinachojulikana zaidi cha trastuzumab ni cha mwaka 2014, na kilikuwa Ulaya, kwa Herceptin yenyewe. Chupa ziliibwa Italia, zikachezewa, zikarudishwa sokoni kupitia wauzaji wa kati hadi Ujerumani, Finland na Uingereza. Baadhi zilikuwa na kimiminika ndani wakati dawa ile ni unga, na nyingine nambari ya bechi kwenye boksi haikulingana na ya kwenye chupa. Kwa hiyo jina kubwa halikuwalinda. Kinachomlinda mama ni njia dawa iliyopitia.

Nikuonyeshe ninavyoiangalia. Chupa inafika kwenye kiboksi cha barafu, na kipimajoto kinasoma kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiwa imeganda, nairudisha, hata kama mtu amekopa kuinunua. Nalinganisha nambari ya bechi ya boksi na ya chupa, naangalia usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, nazungusha kifuniko kuona kama kimeguswa. Ndani uwe unga mkavu mweupe au wa njano hafifu. Maji yake nayaingiza taratibu yakitiririka juu ya unga, kisha naizungusha chupa kwa viganja. Haitikiswi. Ukiitikisa inatoa povu, protini zinajikunja na kushikamana, na dozi haivutiki sawasawa. Naiacha itulie dakika tano. Halafu inaingia kwenye dripu ya maji ya chumvi, kamwe siyo ya glukosi, kwa sababu kwenye glukosi protini hushikamana. Wauguzi wazuri wanalijua hili, ila mgonjwa akiuliza hapotezi kitu.

Kwa hiyo muulizeni muuzaji: dawa imekaa wapi, imesafiri vipi, risiti iko wapi, usajili uko wapi? Nafuu iliyotoka kwenye famasia ya hospitali ina thamani kuliko Herceptin iliyokuja kwenye begi la mtu kutoka Dubai.

Kuna ujanja mwingine wa kuokoa fedha. Dozi ya kwanza ni miligramu 8 kwa kila kilo, kwa mama ni 480. Zinazofuata ni 6 kwa kilo, yaani 360. Chupa kubwa ina 440. Ikichanganywa na maji yake yenye kihifadhi, inakaa kwenye jokofu hadi siku 28, kwa hiyo miligramu 80 zinazobaki hazimwagwi: zinaingia kwenye dozi ijayo au kwa mgonjwa mwingine wa siku ileile. Ulizeni kama kitengo kinawapanga wagonjwa wa dawa hii siku moja. Ipo pia ya sindano ya chini ya ngozi ya paja, miligramu 600 kwa kila mtu bila kujali uzito, kwa dakika chache tu. Hiyo haiwekwi kwenye dripu, na ya dripu haichomwi pajani. Siku ya dripu ya kwanza atakaa dakika 90 na huenda akatetemeka na kupata homa. Hutokea sana mara ya kwanza, inatulizwa kwa dawa, na mara nyingi hairudi. Akiivumilia vizuri, zinazofuata ni nusu saa.

Binamu yako hajakosea, ila anazungumzia mgonjwa mwingine. Zipo kingamwili zilizobebeshwa kemo: trastuzumab ileile, sasa na molekuli za sumu zilizofungwa juu yake, ili izipeleke ndani ya seli yenye HER2. Ya kwanza kwa saratani ya titi, trastuzumab emtansine, iliruhusiwa Marekani Februari 2013, na asili ya sumu yake ina historia ya huku kwetu. Inatokana na maitansini, iliyotambuliwa mwaka 1972 kutoka kwenye mmea wa Ethiopia. Wamarekani walipotaka nyingi zaidi walikuja Milima ya Shimba, Kwale, hapo ng'ambo ya mpaka kutoka Tanga, na katika miaka ya 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya zaidi ya tani 27 za kichaka kiitwacho Maytenus buchananii. Walipowapa wagonjwa, dawa iliwaumiza kuliko kuwasaidia, ikawekwa kabatini. Ilikuwa kali mno kuzunguka mwilini peke yake. Miaka mingi baadaye ndipo ikafungwa kwenye kingamwili, molekuli tatu au nne kwa kila moja, na ukali uleule ukawa faida. Siku hizi inapatikana kwa kufuga bakteria, kwa hiyo mtu asije akamchimbia mama mizizi Kwale. Kichaka bila kingamwili ni ile sumu iliyoshindikana.

Iliyofuata, trastuzumab deruxtecan, inabeba kama molekuli nane za sumu nyingine, na sehemu ya sumu huvuja hadi seli za jirani hata kama zenyewe hazina HER2 nyingi. Zilipolinganishwa kwa wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umesambaa, baada ya mwaka mmoja asilimia 75.8 ya waliopata deruxtecan walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya asilimia 34.1 ya emtansine. Mwaka 2022 ikaonekana kusaidia hata wale wa 1+ na 2+ ambao trastuzumab ya kawaida haiwafai. Ndiyo maana nilisema kipande cha nta kisitupwe. Lakini mgonjwa mmoja katika kumi hivi huvimba mapafu kwa ajili yake, na baadhi wamekufa, kwa hiyo kikohozi kikavu kwa mtu anayeitumia ni dharura. Emtansine nayo ina nafasi yake kwa waliopewa dawa kabla ya upasuaji na bado saratani ikakutwa imebaki kwenye titi. Mama alifanyiwa upasuaji kwanza, na ugonjwa haujasambaa. Kwa hali yake, trastuzumab ya kawaida ndiyo dawa. Mkijaliwa kupata fedha za ziada, zitafaa kwenye nauli, eko na lishe.

Tahadhari moja kuhusu majina: ukiona neno la pili baada ya trastuzumab, hiyo ni dawa nyingine yenye dozi nyingine. Emtansine ni miligramu 3.6 kwa kilo. Mtu akiichanganya na 6 za trastuzumab, anamzidishia mgonjwa kemo. Someni lebo ya dripu pamoja na muuguzi, jina lote.

Kuhusu gharama ya mwaka mzima, kwanza ulizeni bima yenu inalipia dozi ngapi, na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ina msamaha gani. Kenya, serikali na Roche walifikia makubaliano ya kushusha bei na bima ya taifa kulipia, kwa hiyo hoja ya kwamba haiwezekani kwetu haina mashiko. Dawa hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Kama fedha zitakata, mwambieni daktari mapema, msiruke dozi kimyakimya. Jaribio la Uingereza la wanawake zaidi ya 4,000 lilionyesha miezi sita ilikaribiana sana na kumi na miwili: baada ya miaka minne, asilimia 89.4 na 89.8 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na walioacha kwa ajili ya moyo walikuwa wachache zaidi kwenye miezi sita. Mwaka mmoja bado ndio utaratibu wa kawaida, nami ningependa mama aumalize. Lakini kati ya miezi sita iliyonyooka ya baiosimila na Herceptin ya dozi nne halafu basi, mimi nachagua miezi sita bila kusita.

Harusi. Akichelewa wiki moja au pungufu, anapewa 360 zake za kawaida siku atakayofika, na wiki tatu zinahesabiwa upya kuanzia hapo. Akipitisha wiki moja, anaanza tena na dozi kubwa ya 480, na hapo chupa moja ya 440 haitoshi, mtanunua ya pili. Basi chukueni kalenda sasa, hesabuni kila siku ya 21 hadi Desemba, na mpeni muuguzi tarehe ya harusi kabla ratiba haijajaa. Ikiangukia wiki hiyohiyo, aende, acheze, arudi ndani ya siku saba.